Inatetemeka, inatikisika au inavuma?

Mpwa wangu alifika kwangu Nyamirambo Jumamosi moja asubuhi, akaegesha pikapu yake chini ya mparachichi, akashuka na bahasha iliyojaa risiti. Tairi nne mpya. Shokapu nne. Mauntingi za injini. Gharama za kunyoosha magurudumu ya mbele, mara mbili. Alizipanga mezani moja moja kama mtu anayetoa ushahidi.

"Mjomba, nimebadilisha kila kitu, na bado inatetemeka."

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, lenye ile injini ya 1HZ ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye magari hayo mwaka 1990. Eksoli ni nzima mbele na nyuma, na springi ni za vyuma vya kupangwa pande zote. Nimelala chini ya magari ya aina hii sehemu kubwa ya maisha yangu. Risiti sikuzigusa. Nilimuuliza swali nililoulizwa mimi mwaka 1996, nikiwa na umri mdogo kuliko wake:

"Inatetemeka, inatikisika au inavuma?"

"Si yote ni yaleyale, Mjomba?"

Nikajua kwamba fedha zote za kwenye bahasha ile zilipotelea hapo.

Mimi nilizaliwa Ngara. Nilivuka daraja la Rusumo mwaka 1996 na mkoba mmoja na spana chache zilizofungwa kwenye kitambaa. Wakati ule Kigali ilijaa Land Cruiser nyeupe za mashirika ya misaada, zikienda kila wilaya kwenye barabara za udongo, na kila moja ilirudi na ugonjwa wake. Kazi niliipata Gatsata, kule bondeni karibu na mto Nyabugogo, kwa mzee mmoja mwenye asili ya Ujiji. Mwaka 2017, Bunge la Rwanda lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, sisi wa Gatsata tulikuwa tumekwisha kukitumia miaka mingi. Ile fimbo inayopeleka mzunguko hadi kwenye difu ya eksoli, waliosoma Kifaransa waliiita kardani, sisi tuliotoka Tanzania tukasema propela, lakini ugonjwa wa gari ulielezwa kwa Kiswahili.

Mzee hakuruhusu mtu ashike spana kabla dereva hajahojiwa. Alitaka neno. Gari likitikisika, usukani au mwili wa gari unakwenda huku na huku, na ukitulia unaweza karibu kuhesabu mapigo. Likitetemeka, linakuwa kama mtu mwenye homa ya malaria: ni haraka, ni mwili mzima, na kioo cha ndani kinafifisha sura za walio nyuma. Likivuma, ni kama kuna mzinga wa nyuki chini ya sakafu, na miguu inahisi kabla masikio hayajasikia. Kisha kuna kugonga, ambako kunakuja unapoondoa gari au unapoachia mafuta. Madereva wengi walifika wakisema "inasumbua." Mzee aliwarudisha barabarani, akakaa kiti cha pembeni, mpaka wapate neno lao.

Nilidhani ni mazoea ya uzee. Miaka baadaye nilikaa na kalamu nikafanya hesabu, nikaona alichokuwa anapima. Tairi ya 7.50R16, iliyokuwa ya kawaida kwenye magari hayo, ina mzunguko wa takriban mita 2.5. Kwa kilomita 80 kwa saa inazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Difu ya magari hayo inapunguza mizunguko kwa takriban 4.1, maana yake propela inazunguka zaidi ya mara 36 katika sekunde hiyohiyo. Na krosi, kile kiungo cha msalaba kilicho mwishoni mwa propela, inapofanya kazi kwa pembe hutoa misukumo miwili kwa kila mzunguko wa propela, yaani zaidi ya 70. Tisa ni kutikisika. Thelathini na sita ni kutetemeka. Sabini ni kuvuma. Mzee hakuwa na mashine yoyote ya kupimia, lakini maneno yake matatu yalitenga tairi, propela na krosi kabla gari halijapanda jeki.

Somo la kwanza lilikuja mwaka uleule wa 1996, na lilikuwa jepesi. Gari lilirudi kutoka milimani likitikisika usukani kuanzia kilomita 60. Nilikwisha kuanza kufungua ncha za fimbo za usukani. Mzee akaniambia nivue tairi na nitazame upande wa ndani wa rimu. Udongo mwekundu wa huku ukikauka unakuwa tofali, na kulikuwa na bonge lake lililoshika upande mmoja, kubwa kama kiganja. Tulilitoa kwa bisibisi na maji. Gari likatulia. Tangu siku hiyo naanza na kuosha, na ninaona aibu kwa ajili ya gereji inayofungua kitu kabla ya kuosha.

La pili ni kosa langu mwenyewe, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu bado nakutana nalo katika magari yaliyofunguliwa na wengine.

Propela ya nyuma ya Land Cruiser hizo ina vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno, kimoja ndani ya kingine, ili iweze kurefuka na kufupika eksoli inapopanda na kushuka. Kila mwisho una uma, na kila uma umeshika krosi. Kazi ya grisi inakuwa rahisi ukivitenganisha, nami nikavitenganisha, nikasafisha meno, nikapaka grisi, nikarudisha. Nilijivunia usafi wake. Gari lililoingia kwa ajili ya kubadilishwa oili tu likatoka likivuma.

Dereva alirudi kesho yake akiwa na hasira ya haki. Mimi nikasema ni tairi. Mzee akaja, akapiga magoti, akatazama propela kutoka nyuma kwa jicho moja kama seremala anayetazama ubao. Uma wa mbele ulikuwa umesimama wima, na uma wa nyuma umepinda pembeni kidogo. Jino moja tu. Akanionyesha kwa mikono yake miwili. Krosi iliyo kwenye pembe haizungushi sawasawa: transifa, lile sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma, ikizunguka kwa mwendo mmoja, propela inaharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili, iliyoko kwenye difu, inafanya hivyohivyo kinyume, na makosa mawili yanafutana. Hufutana endapo uma mbili za propela hiyo zimekaa kwenye mstari mmoja. Ukikosea jino, makosa hayo hayafutani tena sawasawa.

"Kabla hujatenganisha, weka alama mbili kwa chaki," alisema. "Utazisoma wakati wa kurudisha."

Chaki ninayo mfukoni mpaka leo. Kilichonifundisha zaidi kilikuwa lile neno la dereva, "inavuma." Alilisema wazi, alilisema sawa, nami nikamjibu kwa tairi. Fundi anayesikia neno na kulipuuza kwa sababu halilingani na sehemu anayotaka kuuza, au na kosa analotaka kuficha, anamwibia mtu.

Mfanyabiashara wa viazi kutoka upande wa Kinigi ndiye aliyenifundisha kuuliza habari za mzigo. Hilux yake ilikuja Kigali kila wiki imejaa mpaka juu ya mbao, kimya kabisa. Ikirudi Musanze tupu, ilitetemeka njia nzima. Magereji mawili yalikuwa yamemwambia kwamba gari tupu huruka, avumilie. Nilipolala chini nikaona vyuma vya springi vilivyoongezwa, vinene, vitatu kila upande. Gari likiwa tupu sehemu ya nyuma ilinyanyuka, propela ikateremka kwa pembe kali, na pua ya difu ikatazama kusiko. Likibeba viazi, springi zililala na mambo yakarudi mahali pake.

Hatukuwa na kipimo. Tulichukua kipima pembe cha mwanafunzi, cha plastiki, tukafunga uzi na nati ndogo katikati yake, tukakibandika kwenye flenji ya transifa kisha kwenye flenji ya difu. Flenji hizo mbili zinatakiwa zilingane. Zilitofautiana karibu digrii nne. Tulitoa chuma kimoja cha springi kila upande na kuweka kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na eksoli, kuinua pua ya difu. Kazi ya nusu siku. Mtu yule alikuwa amevumilia mwaka mzima, na hata siku moja hakuna aliyemuuliza gari linafanya nini likiwa na mzigo.

Habari za habu za mbele nitazipitia upesi. Dereva wa mradi alitoka Nyungwe wakati wa mvua, habu amezifunga ili atumie magurudumu manne, na aliporudi kwenye lami akarudisha kigingi cha transifa kwenye H2 lakini habu akazisahau. Alilalamikia mtetemo uliozuka ghafla. Habu zikiwa zimefungwa, magurudumu ya mbele huizungusha propela ya mbele hata kama injini haiigusi. Tulishuka, tukazungusha habu zote mbili kwenye FREE, mtetemo ukaisha hapohapo kando ya barabara. Ugonjwa ulikuwa bado upo kwenye propela ya mbele, ila sasa tulijua ni propela ipi, na hatukulipa hata senti kujua. Kwa gari la aina hii mtu anaweza pia kufungua propela ya nyuma, akafunga habu, akaweka H4 na kwenda taratibu akivutwa na magurudumu ya mbele. Ila aweke mawe kwenye tairi kabla ya kufungua chochote. Baadhi ya Land Cruiser za zamani zina breki ya mkono nyuma ya transifa, na propela ikitoka, breki hiyo haishiki tena magurudumu ya nyuma.

Mwaka 2003 ndio ninaoukumbuka kuliko yote.

Mzee alikuwa amekwisha kurudi kwao, na mimi ndiye niliyekuwa naulizwa. Dereva mmoja, mtu mzima, mpole, alikuja akaniambia pikapu yake inavuma ikipanda Shyorongi, na inatoa sauti ndogo, "tik," anapoondoka. Sauti moja tu. Nilikuwa na magari sita yananisubiri. Niliingia chini, nikashika propela kwa mikono miwili, nikaitikisa kwenye krosi. Hakuna mlegezo. Nikamwambia aende, atarudi mwisho wa mwezi tuiangalie vizuri.

Siku ya kumi na mbili, akiteremka kutoka Shyorongi na magunia nyuma, krosi ya mbele ilikatika. Propela ilianguka upande wa mbele, ikaburuzwa kwenye lami, ikawa inapigapiga chini ya gari huku difu ikiendelea kuizungusha, ikapasua bomba la breki. Kwa kuwa propela imekatika, injini nayo haikuweza kulizuia gari. Yule dereva alilielekeza kwenye ukingo wa mlima badala ya bondeni, na ndiyo maana waliishi. Kijana aliyekuwa pembeni alivunjika mguu.

Nilikwenda kulivuta gari. Krosi niliiokota mwenyewe. Kwenye kikombe kimoja, beringi za sindano hazikuwapo tena; kilichobaki ni unga mwekundu, mkavu, kama pilipili ya kusaga. Kwenye mkono wa krosi, mahali sindano zilipokuwa zikikaa, kulikuwa na mistari midogo iliyochimbika sambamba, mmoja baada ya mwingine kama meno ya kitana. Ukiipitisha kucha juu yake, kucha inadunda. Mistari ile haiingii kwa siku kumi na mbili. Ilikuwapo siku niliyomruhusu. Vumbi jekundu pembeni ya kikombe nalo bila shaka lilikuwapo, kama ningefuta matope nikatazama.

Na mkono wangu haukuhisi mlegezo kwa sababu krosi iliyokauka na kutu haiwi lazima ilegee. Inaweza kukaza. Ili uijue, ufungue nati nne za flenji, uiteremshe propela, uizungushe krosi kwa vidole kila upande. Krosi nzima inakwenda laini kama kifundo cha mkono. Iliyougua inakwama, inaachia, inakwama. Kazi hiyo inachukua dakika ishirini. Nilimtembelea yule kijana hospitali mara tatu. Mara ya tatu nilimweleza kwamba dakika hizo zilikuwapo.

Ndiyo maana Jumamosi ile sikutaka kuanza na risiti. Nilimwambia mpwa wangu apande, tukateremka kuelekea barabara ya Nyamata. Baada ya daraja la Nyabarongo nchi ya Bugesera inatulia, na mtu anaweza kwenda mwendo mmoja kwa muda mrefu, jambo ambalo milima ya Kigali haikupi. Tulikwenda 80 pale kibao kinaporuhusu, kwa sababu kamera za barabarani, ambazo watu hapa wameziita Sofia, hazisikilizi hoja za kifundi. Hapo nikamwambia aseme neno. Alinyamaza kwa kilomita kama mbili.

"Inatetemeka. Kwenye kiti. Usukani umetulia."

Kiti ni nyuma, usukani ni mbele. Nikamwambia aweke nyutro, gari liteleze. Mtetemo ukabaki vilevile, maana yake injini na mauntingi zake mpya hazihusiki. Gia ya nne na ya tano, kwa mwendo uleule, hali ileile. Akivuta mafuta au akiachia, ileile. Habu kwenye FREE tangu nyumbani. Chini ya kilomita 65 hakuna kitu kabisa. Kwa nusu saa ya barabara, pikapu ilikuwa imekwisha kutuambia: jambo linalozunguka, la nyuma, lenye kasi ya propela.

Hapa kuna jambo linalonisumbua. Tangu amri ya mwaka 2015 magari ya abiria nchini yamefungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 60 kwa saa, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, nimeona ajali za kutosha. Pikapu hii pia ilikuwa imepita ukaguzi wa Polisi kule Remera, na ilistahili kupita: breki nzuri, taa nzuri, chasisi nzima. Lakini mtetemo unaoanzia 65 hauonekani kwa anayekwenda 60, wala kwa gari lililosimama juu ya mashine ya kupima breki. Mafundi vijana wanakutana nao kwa nadra, na wakikutana nao hawana mazoea ya kuutafuta barabarani. Wanatafuta dukani.

Tuliporudi tuliliinua gari nyuma, stendi tukaziweka chini ya eksoli yenyewe. Ukiziweka chini ya chasisi eksoli inaning'inia, pembe za propela zinabadilika, na unapima gari lisilokuwapo. Mawe kwenye tairi za mbele. Tukavua tairi za nyuma, nati tukazirudisha kushika ngoma za breki. Propela tuliiteremsha kwanza. Krosi zote mbili zilikwenda laini, hazina vumbi, uma zimo kwenye mstari. Nikaishika propela mwangani, nikaifuta kwa kitambaa chenye dizeli kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Karibu na uma wa nyuma nikakuta alama ya mraba, ndogo kama stempu ya barua, chuma chake kimeng'aa kidogo kuliko penginepo, na nukta mbili za uchomeleaji uliovunjika. Ni mahali ambapo kiwanda kilichomelea kipande cha chuma cha kuweka mizani. Kipande kilikuwa kimeondoka, pengine kwa jiwe la barabarani.

Tuliirudisha, tukafunga klipu mbili za hosi juu ya alama ile, vichwa vya skrubu pamoja. Mpwa wangu akakaa ndani peke yake, akawasha, akapandisha hadi 80 kwa gia ya nne. Mimi nilisimama mbele ya gari, kwa sababu pembeni ya propela inayozunguka si mahali pa mtu. Kisha akazima, ikasimama kabisa, tukasogeza vichwa vya skrubu kidogo, tukarudia. Mara ya nne maji niliyokuwa nimeweka kwenye kikombe juu ya boneti yaliacha kuchora duara. Jumatatu alipeleka propela kwa mtu wa mashine, ambaye alichomelea kipande kipya badala ya klipu.

Nawaomba wenye magari haya, Kigali na kwingineko, wafanye jambo moja kabla ya kununua chochote: wampandishe fundi kwenye gari, waende naye hadi mwendo ule unaowasumbua, na asiyekubali kupanda wasimwachie ufunguo. Na kama pembeni ya kikombe cha krosi utakuta vumbi jekundu, usisafiri na gari hilo kesho.